BANGILI, KOPO LA NOTI NA MTUNGI WA MBEGU



Shukrani zote njema zinamstahikia Allah (S.W.T.), Mola wa viumbe vyote, na rehema na amani zimfikie Mtume wetu Muhammad (S.A.W.), ahali zake na masahaba zake. Ama baada ya salamu, nawashukuru wahariri wa jarida letu la mwaka kwa kunipa kurasa hizi. Waliniomba niandike juu ya akiba. Nimekubali, lakini sitaandika kama mtaalamu wa uchumi, maana sikusomea hayo. Mimi ni mwalimu wa madrasa hapa Kibondo, mkulima wa maharage na mtoto wa Kasulu. Nitakayoyaeleza mengine yaliwapata wazee wangu, na mengine yamenipata mimi mwenyewe.

SWALI LA MWANAFUNZI

Siku moja tulikuwa tumemaliza somo la fiqhi, mlango wa zaka ya dhahabu na fedha. Kijana mmoja wa darasa la juu akanyoosha mkono akasema: "Ustadhi, mjomba wangu anasema pesa za karatasi zitakufa dunia nzima. Anasema mwenye akili auze alichonacho sasa hivi anunue dhahabu. Je, ni kweli?"

Wenzake walicheka. Mimi sikucheka. Nilimjibu kwa ufupi kwamba ya kesho anayajua Allah, kisha nikafunga kitabu tukaenda kuswali Alasiri. Ukweli ni kwamba nilikuwa na jibu refu, lakini niliona haya kulitoa kwa sababu ndani yake mna kosa langu. Tangu siku ile swali lile limekuwa likinisumbua. Mwalimu akificha kosa ambalo lingewafaa wanafunzi wake, amewadhulumu. Basi leo ninalijibu, na kijana yule naomba asome mpaka mwisho.

PESA HUFA, MAJINA YAKE HUBAKI

Ndugu msomaji, kwanza tukubali kwamba mjomba wa kijana yule hakusema uongo mtupu. Pesa hufa kweli. Tazama maneno tunayoyatumia kila siku. Tunasema "fedha", na neno hilo kwa asili ni ile madini nyeupe ambayo vitabu vyetu vya fiqhi vinaitaja pamoja na dhahabu. Tunasema "pesa", na hiyo ilikuwa sarafu ndogo ya Kihindi iliyokuja na biashara ya pwani. Tunasema "hela", na hiyo ilikuwa sarafu ndogo ya Mjerumani, 100 zikifanya rupia moja. Ndugu zetu wa Burundi mpaka leo wakitaka kutaja pesa husema "amahera". Mjerumani aliondoka zaidi ya miaka 100 iliyopita na hela yake haipokelewi popote, lakini jina lake limebaki midomoni mwetu.

Hata kabla ya Mjerumani, mkoa wetu wa Kigoma ulikwishaona pesa zikifa. Katika soko la Ujiji, katika karne ya 19, watu walinunuliana samaki, mafuta ya mawese na unga kwa shanga zilizoitwa sofi. Huku kwetu Buha, chumvi ya Uvinza na majembe ya chuma vilibadilishwa kwa mbuzi, na wengine walitolea mahari majembe hayo. Shanga zile leo ukizipeleka sokoni utachekwa. Lakini chumvi bado inaungia mboga na jembe bado linalima. Naomba mwanafunzi aliweke hilo akilini, tutalirudia.

RUPIA ZA BABU

Baba wa bibi yangu alikuwa kibarua wa reli. Ni ile reli ya kutoka Dar es Salaam ambayo ilifika Kigoma mwaka 1914. Alilipwa rupia za fedha, kila moja ikiwa na uzito wa gramu 11.66, na nyingi alizichimbia ardhini nyumbani kwake. Mwaka huo huo vita vya kwanza vya dunia vikaanza. Manowari za Waingereza zilifunga pwani, sarafu mpya hazikuweza kuja kutoka Ujerumani, na watu wenye rupia za fedha walizificha kama alivyofanya babu. Serikali ya Mjerumani ikaishiwa sarafu, ikaanza kuchapa noti humu humu nchini. Mwaka 1916 ilitengeneza sarafu katika karakana ya Tabora, za shaba nyeupe na nyekundu kwa matumizi ya kila siku, na nyingine za dhahabu za rupia 15 zenye picha ya tembo. Dhahabu yake ilitoka Sekenke, huko Iramba. Za dhahabu zilitengenezwa zaidi ya 16,000.

Babu hakupata kuona ya tembo. Yeye vita vilipopamba moto alilipwa noti. Mwezi Julai 1916 Wabelgiji wakaingia Kigoma, na mwezi Septemba wakaingia Tabora. Bibi alitusimulia kwamba baba yake alizunguka na noti zake sokoni Ujiji na hakupata mtu wa kumpa hata kibaba cha unga. Zile alizozichimbia zilibaki na thamani yake, kwa sababu hata kama mwenye kuzitengeneza ameshindwa vita, fedha ni fedha.

Baadaye, shilingi iliposhika nafasi ya rupia mwanzoni mwa miaka ya 1920, babu alichukua rupia kumi akampelekea fundi wa Ujiji. Fundi akaziyeyusha akafua bangili mbili, rupia tano kila moja. Alimpa bibi yangu alipoolewa, na bibi akampa mama yangu alipoolewa naye.

BANGILI YA KWANZA

Wazazi mnaosoma hapa wengi mnaikumbuka miaka ya mwanzo ya 1980. Vita vya Kagera vya 1978 na 1979 vilikuwa vimeimeza hazina ya nchi, mafuta yamepanda bei, na mazao yetu huko nje yanauzwa kwa bei ya chini. Duka la kijiji lilikuwa na rafu tupu. Sabuni ilikuwa ya foleni, sukari ya foleni, kitenge cha kuvizia. Mwaka 1983 ikaja operesheni ya wahujumu uchumi, hata mwenye bidhaa akaogopa kuionyesha. Pesa mkononi mtu alikuwa nazo, lakini hakuna cha kununua, na kinachopatikana kwa mlango wa nyuma bei yake haishikiki.

Mwaka huo mimi nilikuwa darasa la tatu na niliugua sana. Zahanati haikuwa na dawa. Mama alinifunika kwa kitenge chake kilichochakaa, akaniacha kwa bibi, akatembea na shangazi yangu mpaka mpakani upande wa Manyovu, ambako wafanyabiashara walivusha vitu kutoka Burundi. Alikuwa na shilingi zake amezifunga kwenye ncha ya khanga. Yule mwenye dawa akazitazama akasema hizo hazimsaidii, yeye ananunua kwa faranga. Mama akavua bangili moja mkononi.

Alirudi na dawa, miche miwili ya sabuni na chupa ya mafuta ya taa. Mimi nikapona kwa idhini ya Allah. Miaka mingi baadaye nilimuuliza kama bei ile ilikuwa ya haki. Akaniambia: "Mwanangu, bangili ile ilistahili mara tatu ya vile. Lakini wenye kuuza siku hiyo tulikuwa wengi, na mwenye kununua alikuwa mmoja. Ningefanya nini nawe uko kitandani?"

Nimeirudia habari hii kwa sababu ina mafundisho mawili, na watu wa dhahabu hupenda kutaja moja tu. La kwanza ni kwamba madini ile iliokoa maisha mahali ambapo karatasi ilikataliwa. La pili ni kwamba siku ya dhiki mwenye dhahabu au fedha hauzi kwa bei anayoitaka yeye. Anauza kwa bei ya mwenye chakula na dawa.

JIRANI ZETU

Wakazi wa Kibondo na Kasulu hatuhitaji kusafiri mbali kujifunza mambo haya, kwani walioyaona wamekuja wenyewe mpaka kwetu. Tangu 1993 Warundi wamekimbilia wilaya hizi mara kwa mara, na tangu 1996 Wakongo wamekuwa Nyarugusu. Mzee mmoja kutoka Fizi, tuliyezoeana naye katika biashara ya maharage pale Makere, aliwahi kunionyesha noti ya Zaire yenye picha ya Mobutu na sifuri nyingi. Mwezi Oktoba 1993 serikali yao ilileta zaire mpya, na ili upate moja ulitoa za zamani 3,000,000. Alikuwa ameuza shamba la michikichi miezi michache kabla. "Niliuza shamba," aliniambia, "nikabaki na mfuko wa karatasi."

Na si mambo ya zamani tu. Mwezi Juni 2023 Benki Kuu ya Burundi ilitangaza kuziondoa noti za faranga 5,000 na 10,000 za toleo la 2018, ikatoa siku 10 za kuzirudisha. Wafanyabiashara wa Mabamba, mpakani kwetu, waliokuwa na faranga ndani walihangaika usiku na mchana.

Shilingi yetu haikufa hivyo, lakini imepungua nguvu kidogo kidogo kama sabuni mkononi. Ilipozaliwa mwaka 1966, dola moja ya Marekani ilikuwa shilingi 7 na senti kidogo. Mwaka 1986 ilifika shilingi 40, mwaka 2000 ilikuwa kama 800, na mwaka 2024 ilipita 2,600. Kwa hiyo mtu anayeogopa kuweka akiba yote katika karatasi si mjinga. Hata Benki Kuu ya Tanzania katika miaka ya karibuni imeanza kununua dhahabu inayochimbwa nchini na kuiweka katika akiba ya taifa.

KOSA LANGU

Sasa nafika kwenye kosa. Mwaka 2020, wakati wa Corona, kila aliyekuwa na simu alikuwa na habari ya kutisha. Mwezi Agosti bei ya dhahabu duniani ilivuka dola 2,000 kwa wakia moja, ambayo ni gramu 31.1, na ilikuwa mara yake ya kwanza kufika huko. Mtu mmoja aliyekuwa akipita vijijini kununua maharage alianza kukaa barazani kwangu. Alikuwa na maneno mazuri. Alisema benki zitafungwa, noti zitakuwa za kuwashia moto, na kwamba sisi Waislamu ndio tunaopaswa kuelewa zaidi maana dinari na dirhamu ni za kwetu. Kisha akanionyesha mkufu na kipande kidogo cha dhahabu, gramu 12 kwa jumla. Ananiuzia shilingi 100,000 kwa gramu, kwa kuwa mimi ni ustadhi na yeye ana safari. Nilijua kwamba mjini gramu ni zaidi ya hapo. Nikaona nimepata.

Mke wangu alisema, "Baba watoto, hiyo mbegu unaiuza tutapanda nini?" Nikamwambia mwanamke haelewi mambo ya dunia. Namwomba radhi tena hapa mbele yenu, ingawa kwake nilikwishaomba. Niliuza magunia saba ya maharage, yakiwemo tuliyoyatenga kwa mbegu, na mbuzi wawili, nikaongeza vijisenti vilivyokuwa ndani mpaka ikatimia 1,200,000.

Mwezi uliofuata nilikuwa na safari ya Kigoma mjini. Nikapitia kwa sonara mmoja mzee. Akasugua mkufu wangu kwenye jiwe lake jeusi, akadondosha tone la tindikali juu ya alama, na ile alama ikachemka povu la kijani na kufutika. Akasugua na kile kipande, ikawa vile vile. Hakunicheka. Alisema, "Sheikh, hii ni shaba imepakwa rangi. Wiki hii wewe ni wa tatu." Nilirudi kwa basi na vumbi lile lote la barabara sikulisikia.

Mvua za Oktoba zikaanza na mimi sina mbegu. Nilikwenda Kasulu kwa mama, nikakaa saa nzima nikizungumza habari za majirani, sina mdomo wa kusema kilichonileta. Mama alinitazama tu. Mwishowe akaingia ndani akaniita nimsaidie kubeba. Nyuma ya mlango wa jikoni kulikuwa na mitungi minne iliyozibwa kwa udongo. Ndani yake mlikuwa na maharage ya njano yaliyochanganywa na majivu yasiliwe na fukusi. Alinijazia magunia mawili ya mbegu. Akasema, "Mke wako alinipigia simu. Nenda kapande, siku zinakwisha."

Hakuniuliza habari ya dhahabu, wala hakuitaja mpaka alipofariki.

KOPO LA MAZIWA

Mama yangu alifariki mwezi wa Shawwal 1446, sawa na Aprili 2025. Mwenyezi Mungu amrehemu na kumpanulia kaburi lake. Baada ya maziko na kulipa madeni yake madogo, mimi, kaka yangu na dada yetu tulifungua sanduku lake ili tujue cha kurithiwa. Tulikuta bangili ya pili, imefungwa kwa kitambaa. Chini ya nguo tukakuta kopo la maziwa ya unga, na ndani yake noti 41 za shilingi 10,000 za toleo la 2003, zimenyooshwa vizuri na kufungwa kwa uzi. Jumla 410,000. Ni pesa ya maharage aliyouza mwaka baada ya mwaka, kabla noti mpya hazijatoka. Wakati ule zingenunua ng'ombe wawili.

Benki Kuu ilikuwa imetangaza kwamba noti za zamani zilizotolewa kati ya 1985 na 2003 zibadilishwe kuanzia tarehe 6 Januari mpaka tarehe 5 Aprili 2025, na baada ya hapo si pesa halali tena. Siku zile 90 karibu zote ziliangukia Rajabu, Shaabani na Ramadhani, miezi ambayo mama alikuwa kitandani. Redio ilikuwa ikitangaza chumbani kwake, nami nilikuwa nimekaa pembeni nikimsomea Qur'ani. Hatukumuuliza kama ana kitu amekiweka, tuliona si adabu. Yeye hakusema, labda aliona bado yupo. Tulifungua kopo lile tarehe 24 Aprili. Tulikuwa tumechelewa kwa siku 19.

Dada alilia. Si kwa sababu ya ng'ombe wawili. Alilia kwa kuwa kila mmoja wetu alikumbuka siku ambazo mama alikula ugali na majani ya maharage, kumbe anaweka.

DINI INATUAMBIA NINI

Katika Suratu Tawba, Allah (S.W.T.) amewaahidi adhabu iumizayo wale wanaolimbikiza dhahabu na fedha wasizitoe katika njia Yake. Wanazuoni wengi wameeleza kwamba mali iliyotolewa zaka haiingii katika kulimbikiza huko. Kwa hiyo kuweka dhahabu si haramu, lakini ina haki ndani yake. Kiwango cha zaka kwa hesabu inayotumiwa na wengi leo ni gramu 85 za dhahabu safi au gramu 595 za fedha, zikikaa mwaka mmoja wa Kiislamu. Hapo hutolewa asilimia 2.5. Mwenye gramu 100 za dhahabu aliyoiweka akiba atatoa gramu 2.5 au thamani yake. Mapambo ya halali anayoyavaa mwanamke yana khitilafu baina ya madhehebu, na kila mzazi amuulize mwalimu wake. Wanaume tunajua kwamba kuvaa dhahabu hakuturuhusiwi.

Tena ipo sharti ambayo wengi hawaijui. Dhahabu kwa dhahabu, na fedha kwa fedha, hubadilishwa kwa uzito sawa na mkono kwa mkono. Na wanazuoni wengi wa leo wanazihesabu noti kuwa na hukumu ya pesa, hivyo ukinunua dhahabu kwa shilingi ulipe na ukabidhiwe hapo hapo. Anayekuambia lipa leo, dhahabu utaipata mwezi ujao, mkimbie. Kwanza kwa ajili ya dini yako, pili kwa ajili ya mali yako.

Sasa fikirini kisa cha Nabii Yusuf (A.S.). Alipofasiri ndoto ya mfalme wa Misri alijua kwa hakika kwamba miaka saba ya dhiki inakuja baada ya saba ya neema. Misri ilikuwa na dhahabu tele. Lakini hakuwaambia watu wakusanye dhahabu. Aliwaambia walime kwa bidii, wale kidogo, na kilichobaki wakiache katika mashuke yake kisioze. Njaa ilipofika, ndugu zake walitoka mbali na mali mkononi kuja kuomba nafaka, na nafaka ilikuwa kwa aliyeihifadhi. Na asije mtu akasema huku ni kuhodhi chakula. Kuhodhi kulikokatazwa ni kununua na kuficha ili watu wakiumia upandishe bei. Kuweka mavuno yako kwa ajili ya watoto wako na jirani yako ni jambo jingine kabisa.

NASAHA ZANGU

Kwa hayo yote, nasaha zangu kwa wanafunzi na wazazi ni hizi:

1. Tanguliza chakula na mbegu. Akiba ya kwanza ya mtu wa Kibondo au Kasulu ni ile inayoliwa na kupandwa. Usiuze mbegu kununua kitu chochote duniani, hata kiwe kinang'aa vipi.

2. Lipa madeni kabla ya kununua dhahabu. Mwenye deni na kipande cha dhahabu sandukuni, dhahabu ile ni ya mwenye kumdai.

3. Soma, na ujifunze ufundi. Waliokuja na ufundi wa kushona au kujenga pale Nyarugusu na Nduta walianza kula kwa mikono yao mapema kuliko waliokuja na noti.

4. Ukibakiwa na ziada, weka sehemu ndogo katika dhahabu au fedha, na uwe tayari kuiacha miaka mingi. Usidhani kwamba haishuki. Aliyenunua dhahabu Januari 1980 kwa dola 850 kwa wakia aliishuhudia ikishuka mpaka kama 250 mwaka 1999, na bei yake hakuiona tena mpaka 2008. Fedha ilikuwa mbaya zaidi, kwani mwezi ule ule wa Januari 1980 ilikaribia dola 50, na kufika mwisho wa Machi ilikuwa chini ya 11.

5. Nunua kwa sonara anayejulikana au katika soko la madini lililowekwa na serikali, upimiwe mbele ya macho yako, uandikiwe gramu na karati, na upewe risiti. Dhahabu ya bei ya kutupa inayokufuata barazani si dhahabu.

6. Mwambie mtu mmoja unayemwamini ulichonacho na kilipo, na uandike wasia. Watoto, waulizeni wazazi wenu kwa adabu wakiwa bado wazima. Na tangazo la Benki Kuu likitoka, lisomeni msikitini.

7. Toeni zaka, na msimsahau jirani. Mwaka ule mimi niliokolewa na mitungi ya mama. Siku mitungi ya nyumba yako ikikauka, utaokolewa na nyumba uliyoitendea wema.

MWISHO

Bangili ya mama tuliipeleka kwa sonara yule yule mzee. Akaisugua kwenye jiwe lake, mara hii hakukutoka povu la kijani. Akaiweka kwenye mizani, ikasoma gramu 57. Nikapiga hesabu moyoni, rupia tano ni gramu 58 na kidogo, na kilichopungua kimelika kwenye mikono ya bibi na mama kwa miaka 90 na zaidi. Tuligawa mirathi kwa sheria, na bangili tukaihesabu katika fungu la dada yetu. Ameivaa tangu siku hiyo.

Mitungi minne tuligawana mbegu, na kila mmoja amepanda kwake. Msimu uliopita mimi nilijaza mitungi mitatu na nimeiziba kwa udongo, kwa majivu, kama alivyofanya yeye.

Noti 41 niliomba nibaki nazo mimi. Zipo katika kabati la madrasa pamoja na mkufu wangu wa shaba. Kijana aliyeniuliza swali aje siku yoyote baada ya Alasiri, nitamwonyesha vyote viwili, na akitaka amlete na mjomba wake.

Tunamwomba Allah (S.W.T.) aturuzuku riziki ya halali, atukinge na fitna ya mali, na awarehemu wazazi wetu waliotutangulia. Amin.

Wabillahi tawfiq.